Kariakoo, Insta, China, mall au mkopo: wewe kero ipi unaiweza?

Mjini sasa hivi kila mtu ana njia yake ya kununua vitu na anaapa ya kwake ndo nzuri. Shemeji anaagiza China, dada yake hatoki Insta, mzee yeye bila kwenda Kariakoo akashika kitu kwa mkono wake hapo hajanunua, halafu kuna yule wa ofisini anayebeba kila kitu mall na tarehe 15 anaanza kukopa nauli. Wote ukiwauliza watakutajia bei, hakuna atakayekutajia kero. Mimi naona kero ndo pa kuanzia, maana bei ukishaongeza nauli, ya kutolea, hela ya boda na siku mbili za kufokeana kwenye simu, mara nyingi tofauti inayobaki ni ndogo kuliko ulivyodhani. Kinachotofautiana kweli ni aina ya usumbufu.

Kwahiyo nazipima njia tano kwa vitu vinne. Bei mpaka kitu kinatua mezani kwako, kama unakiona kabla hujatoa hela, muda na nguvu unazochoma, na kikizingua unamkamata nani. Mfano wangu mkubwa ni blenda, kila nyumba inaijua, simu nitaigusa pale inapobidi. Bei ninazotaja ni za mfano tu, msije kunishikia bango. Naongea zaidi kuhusu Dar, wa mikoani nimewawekea yenu mwishoni.

Wagombea wenyewe

Kariakoo haihitaji utambulisho. Insta na WhatsApp ndo duka la mtandaoni la wabongo walio wengi, na hii ilizidi baada ya soko la mtandaoni la Jumia kufunga virago Tanzania Novemba 2019 (Kenya na Uganda wakabaki nayo), kwahiyo unachagua kwenye posti, unamalizana kwa meseji, unalipa kwa simu, boda analeta. China ni kuagiza kwenye masoko yao ya mtandaoni, 1688, Taobao au Alibaba, kupitia ajenti mwenye ghala Guangzhou. Mall na supamaketi ni bei ya kubandikwa, kiyoyozi na foleni. Mkopo ni ule wa kulipa kidogo kidogo kwa siku au kwa wiki, umekolea zaidi kwenye simu ila hata majiko na tivii siku hizi yapo.

Bei mpaka ifike mezani

Kariakoo bei ya chini ipo kweli ila haikusubiri wewe. Ukishuka tu mwendokasi pale Msimbazi unapokelewa na winga, kijana mchangamfu, anakuita boss au mama yangu, anakuuliza unatafuta nini na kabla hujajibu mnatembea pamoja. Winga hana duka. Anakupeleka kwenye fremu ya mtu, duka lina bei yake na yeye anaweka cha juu chake katikati, kwahiyo mwenye fremu angekupa kwa elfu 80 unaambiwa 95 na unaombwa ushukuru umepunguziwa. Siwachukii, wanajua vichochoro vyote na kama unatafuta kitu adimu winga anakuokolea nusu siku, ila jua kabisa kwamba unamlipa.

Halafu kuna mchezo wa risiti. Blenda umeambiwa 85, mmekubaliana, hela iko mkononi, unasema nipe na risiti. Muuzaji anasimamisha mkono, anamwangalia mwenzie. "Na risiti ni laki, boss." Yaani ile VAT ya asilimia 18 anaipiga kichwani haraka kuliko kikokotoo, wakati mashine ya risiti, EFD, ipo hapo hapo juu ya kaunta imefunikwa na kitambaa. Risiti ni haki yako na yeye kisheria anatakiwa akupe, matangazo ya "ukinunua dai risiti" tumeyasikia miaka yote, ila ukiwa umesimama pale jasho linakutoka na nyuma yako kuna watu watatu wanasubiri, wengi tunachagua 85. Hiyo 15 uliyookoa ikumbuke, tutarudi nayo kwenye blenda iliyokufa.

Insta sasa. Kwanini bei inafichwa mpaka leo sijapata jibu la kuridhisha. Mtu kapiga picha nzuri, kaweka muziki, kaandika sifa kumi za blenda, mistari miwili ya emoji, namba ya simu, kila kitu kipo kasoro kile ulichokuja kutafuta. "Bei njoo inboksi." Unaenda.

"Habari, blenda bei gani?"

"Karibu sana kipenzi 🥰🥰"

"Asante, bei?"

"Ipi hiyo mpendwa?"

Unamtumia skrinshoti ya posti yake mwenyewe. Kimya saa moja na nusu. Kisha: "Upo wapi dear?"

Na mimi naamini bei inatengenezwa hapo, ukisema Masaki inazaliwa bei moja na ukisema Mbagala inazaliwa nyingine, jaribuni wenyewe watu wawili mumuulize kwa wakati mmoja. Tuseme mmefikia 90, delivari 7, halafu linakuja lile la kufungia: "tuma na ya kutolea." Yaani mteja unamnunulia mtu bidhaa halafu unamgharamia na safari ya kwenda kwa wakala kuchukua hela yake. Ukimuuliza kwani hana lipa namba anakwambia ipo ila ina shida kidogo leo. Ila kwa haki, wengi wa hawa ni watu wasiolipia fremu wala mlinzi, na vitu vidogo kama nguo, viatu na vipodozi wanaweza kuwa chini ya duka kabisa. Na wale wanaoandika bei kwenye posti wapo, mimi nikimpata mmoja simwachii.

China ndo yenye bei ya kutia wazimu. Blenda unaiona kwa hela ya chipsi kuku mbili, unapiga skrinshoti unatuma kwenye grupu la familia. Pole. Hiyo ni bei ya kiwandani, mara nyingi kwa anayechukua vipande kadhaa, bado usafiri wa ndani China mpaka ghala la ajenti, bado kamisheni ya ajenti, bado yuan anayokuuzia yeye kwa reti yake na sio ya kwenye gugo, bado kago. Kwa ndege unapimwa kwa kilo na blenda ina mota na jagi la kioo, ina uzito, kwa meli unapimwa kwa CBM, yaani mita za ujazo, na kitu kimoja hakijazi hata kona. Kipande kimoja kinaweza kufika kwa bei ya Kariakoo au kuipita. Vipande 20 hesabu inageuka kabisa, na hapo ndo utaelewa yule wa Kariakoo anaishije. Kingine, umeme wao ni volti 220 hivyo kitawaka vizuri tu, ila plagi ya kule sio ya miguu mitatu mikubwa ya kwetu, ongeza hela ya adapta.

Mall bei ni ile unayoiona, hiyo ni raha ambayo hatuisifii vya kutosha. Ipo juu, ndio, ila huna haja ya kujifanya unaondoka ili uitwe. Kituko chao ni zile 89,990. Sarafu ya shilingi kumi uliishika lini mara ya mwisho? Wote tunajua ni 90,000, keshia anajua, kompyuta inajua, ila lazima tuigize. Na mfuko unanunua, plastiki zilipigwa marufuku toka Juni 1, 2019, kwahiyo blenda ya 90 inatoka na mfuko wa kulipia wenye nembo yao ambao unawatangazia biashara bure mpaka Gongolamboto.

Mkopo hesabu yake ni fupi na inauma. Chukua simu ambayo kwa kashi ni 300,000. Unaambiwa kianzio 60,000 halafu 1,200 tu kwa siku, hiyo "tu" ndo inafanya kazi yote. Mwaka mzima ni 438,000, jumlisha kianzio unapata 498,000. Sio kila kampuni ina makato haya haya, ila chukua kalamu upige mwenyewe kabla ya kusaini, kwasababu bango litakuandikia ya siku kwa maandishi makubwa na jumla utaitafuta wewe.

Kuona kabla ya kulipa

Hapa Kariakoo inaziacha nyingine mbali. Mwambie achomeke, aweke maji, asage mbele yako. Ila fungua macho, ile iliyowaka ni ya maonyesho na unayofungiwa ni ya kwenye boksi lililotoka stoo, kwahiyo dai iwashwe ile ile utakayobeba. Watanuna kidogo, watafanya. Na boksi sio ushahidi wa kitu, kuna orijino, kuna "OG", kuna kopi, na zote zinaweza kulala kwenye maboksi yanayofanana mpaka nukta. Ukiwa unanunua simu bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, halafu itume kwenda 15090 kabla hela haijatoka, majibu yakija simu nyingine na boksi linasema nyingine, rudisha taratibu uondoke. Tulioshuhudia mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilivyozima simu feki Juni 2016 hatukumbushwi mara mbili.

Insta unaona picha, na picha yenyewe inaweza isiwe yake, ukikuza vizuri pembeni unakuta nembo ya peji nyingine imekatwa nusu. Omba video fupi ya kitu chenyewe kikiwa na karatasi yenye jina lako. Aliye nacho atalalamika unamsumbua ila atatuma, asiye nacho atakasirika. Lipa ukipokea ni nzuri kwenye maandishi, ila boda akifika injini inaunguruma anakwambia "siruhusiwi kufungua mzigo, we lipa kwanza, ukiwa na shida ongea na bosi". Sasa hapo nimelipia nini, boksi? Kubaliana na muuzaji mapema kwa maandishi kwamba utafungua, halafu muonyeshe boda hiyo meseji.

China unategemea picha za ajenti kutoka ghalani, wengine wanakagua ukiwalipa kidogo, ni hela nzuri kuitoa. Nguo na viatu vya kule amini sentimita usiamini XL. Mall maboksi yamefungwa na nailoni ila vitu vya umeme waombe wajaribu, wengi wana meza ya hiyo kazi ingawa fundi wa kujaribu huwa ameenda kula. Mkopo simu unaishika, ila unachagua kati ya chache walizonazo wao, sio unayoitaka.

Muda na nguvu

Kariakoo ni nusu siku, Desemba ni siku nzima na utarudi umekanyagwa. Nenda siku ya katikati ya wiki asubuhi, na nenda ukijua mtaa: nguo ni Congo, simu na makorokoro yake ni Aggrey na jirani zake. Mwenye gari aliache nyumbani.

Insta inajiita njia ya kuokoa muda. Sawa, hutembei, ila unachati. Unachati asubuhi, unachati mchana kazini, halafu boda anaanza kupiga. "Nipo njiani" maana yake bado anavaa kofia ngumu. "Nimefika" maana yake yupo mtaa wa pili. Na unaanza kumwelekeza, shuka lami, ukiona bucha nyoosha, kuna mwembe, ulizia kwa mama Salma. Nyumba zimepewa namba toka ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, kibao kipo getini kinang'aa, lakini ukimtajia boda hiyo namba anakwambia "sawa, ila mwembe upo kulia au kushoto?"

China ni uvumilivu. Ndege wiki kadhaa, meli kuanzia mwezi na nusu na kuendelea, na ukiagiza karibu na mwaka mpya wao, Januari au Februari, viwanda vinafungwa na ajenti anakutumia sauti ndefu ya kukuelimisha kuhusu sikukuu za Wachina. Usiagize kitu cha harusi ya mwezi ujao.

Mall unaingia saa mbili usiku unatoka na kitu chako dakika ishirini, ukiondoa ile ya mlinzi mlangoni anayeikagua risiti iliyotoka kwenye mashine hatua tatu kutoka aliposimama, huku amekuona ukilipa. Mkopo kupata ni haraka, kitambulisho cha NIDA na simu ya mtu wako wa karibu au wawili, shughuli ni baadae, kila siku ya Mungu kumbusho, na ukisahau wikiendi moja kijijini simu inajifunga na wewe ndo ulikuwa umesimama stendi unataka kulipa nauli kwa hiyo hiyo simu.

Kikizingua

Hapa ndo watu hawaulizi mpaka yawakute.

Kariakoo mwenye fremu yupo, kesho utamkuta, na hilo ni kubwa. Ila ukutani kaandika "mali ikishauzwa hairudishwi", waranti kakupa kwa mdomo wiki moja, na wewe ulikataa risiti kuokoa 15. Sasa unarudi na blenda inanuka moshi, anakuuliza "ulinunua hapa?" Una nini cha kuonyesha? Kama umenunua bila risiti angalau piga picha kibao cha duka na uchukue kadi. Kama ulipelekwa na winga, huyo usimtafute. Faida moja ya Kariakoo ambayo haionekani kwenye bei ni mafundi na vipuri, jagi, kisu na mota utavipata mitaa hiyo hiyo.

Insta kuna wawili. Kuna anayelinda jina lake, huyu atabadilisha tena kwa kuomba radhi kwasababu anaogopa komenti yako kuliko mahakama. Na kuna wa kukublok. Wa pili utamjua mapema ukitulia: komenti zimefungwa, wafuasi elfu 80 na likes sita, na ukitaka kutuma hela jina linalotokea kabla ya namba ya siri sio la peji wala la mtu uliyekuwa unaongea naye, ukiuliza "hiyo namba ni ya wifi yangu". Nchi nzima tumeshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", halafu tunatuma kwa wifi wa mtu tusiyemjua. Ukishapigwa wahi kupiga mtandao wa simu wajaribu kuzuia muamala, namba iripoti 15040, skrinshoti usifute uende nazo polisi.

China kurudisha kitu kimoja ni gharama kuliko kitu. Unachoweza ni kugombana kabla hakijapanda meli, kwahiyo ukaguzi ghalani ndo waranti yako yote. Kikipotea njiani ni wewe na ajenti, na ajenti mzuri ni yule mwenye ofisi unayoweza kwenda kusimama mlangoni.

Mall risiti ipo, dawati lipo, utaambiwa msimamizi katoka lakini ukikomaa unabadilishiwa. Soma tu waranti, kuna zinazokava kila kitu isipokuwa mota, na blenda bila mota ni jagi. Kwa muuzaji yeyote mwenye anwani anayekuzungusha, Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji, na watakuuliza risiti.

Mkopo una ajabu yake: simu ikidondoka ikavunjika kioo, makato yanaendelea. Ikiibiwa pia uliza mapema nani anabeba, maana wengine wana bima na wengine wana pole.

Kwahiyo nani aende wapi

Kama ni kitu cha umeme cha kukaa nacho miaka, una hela kamili na unaweza kupoteza asubuhi moja, Kariakoo na risiti, hata kwa hiyo laki. Ukiwa mgeni wa jiji nenda na mwenyeji wako badala ya kuokota winga.

Unafanya kazi mpaka usiku, watoto wadogo, kitu kimoja tu na hutaki maneno, mall. Hiyo ya juu unayolipa ni nauli, jasho na kelele ambazo hukuzipata, sio ushamba.

Nguo, viatu, mapazia, mafuta, zawadi ya besidei, vitu ambavyo vikikosea hulii, Insta inafaa sana, na ukipata wauzaji wawili waaminifu wahifadhi namba zao. Simu ya laki nane usinunue kwa mtu mwenye peji tu.

Unaanza biashara, au mpo marafiki watano mnaotaka vitu vya jikoni vya aina moja na hamna haraka, changeni oda moja muagize China kwa meli. Kitu kimoja cha haraka, achana na China.

Mkopo unamfaa ambaye hiyo simu itamuingizia hela kesho yake, boda wa programu, wakala, mtu wa mauzo, na kipato chake ni cha kila siku kama makato yenyewe. Ukiwa na mshahara wa mwisho wa mwezi na simu yako bado inawaka, kusanya miezi minne mitano ukanunue kashi.

Na wa mikoani: iwe Kariakoo kwa simu au Insta, mzigo utakuja kwa basi kutoka Mbezi au Shekilango, kwahiyo usikubali jibu la "nimeshatuma". Taka picha ya boksi likiwa na jina lako na namba yako juu, picha ya risiti ya kifurushi, jina la basi na namba ya ofisi yao ya mzigo huko kwako, na kama ni blenda mwambie jagi alifunge peke yake kwenye boksi lake.